UZI: Bakapu ipo, sawa. Kimbunga kikipita, huduma itarudi hewani?

Fundi_Seva (mtoa mada) #1

Wakuu, salaam.

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kila ukikaribia mazungumzo maofisini kuhusu bakapu, yaani nakala rudufu za data, ni yaleyale. Bosi anauliza, "Bakapu ipo?" Mtu wa IT anajibu, "Ipo." Yanaishia hapo, kila mtu anarudi kwenye kazi zake. Mimi nasema swali hilo halitoshi, na nimeileta hoja hapa tuichambue pamoja.

Angalieni kimbunga Helene cha Marekani, Septemba 2024. Kilitua Florida, kikapanda bara mpaka milima ya North Carolina, mamia ya kilomita kutoka pale kilipotua. Mji wa Asheville ukafurika. Humo ndimo yalimo makao ya NCEI, taasisi ya serikali ya Marekani inayotunza kumbukumbu za hali ya hewa, yaani watu ambao historia ya vimbunga vyote iko kwenye makabati yao. Walipokagua, wakatangaza kwamba rekodi ziko salama. Lakini huduma zao zilikuwa zimezima. Mtandao ulikatika, na maji ya mji, ambayo mitambo yao ya kupoza inayategemea, nayo yakakatika.

Maji ya bomba! Nani kati yetu ameandika maji ya bomba kwenye mpango wake wa dharura wa IT?

Hoja yangu ndiyo hiyo. Kimbunga mara nyingi hakigusi data yenyewe, kinakata vitu ambavyo data inavitegemea: umeme, mafuta, ubaridi wa chumba cha seva, mkongo, simu, barabara, na watu wenye funguo. Kwa hiyo kabla hujanunua kifaa chochote, chukua karatasi. Andika huduma moja inayoiingizia biashara pesa, tuseme mfumo wa kupokea oda, halafu ifuate kinyumenyume. Inakaa kwenye seva gani? Seva inapata umeme wapi? Umeme ukikatika anayewasha jenereta ni nani? Mafuta yanakaa ghorofa gani? Nywila anaijua nani, na siku hiyo atakuwa wapi na familia yake? Endelea mpaka ufike mahali ambapo jibu ni "sijui". Kazi yako inaanzia hapo, si kwenye katalogi ya wauza vifaa.

Nina mengine ya kushusha, ila kwanza nataka kusikia wenzangu.

---

KijanaWaKlaudi #2

Mkuu, mbona hili lilishatatuliwa zamani? Hamishia kila kitu kwenye klaudi, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, funga ofisi, nenda zako bara. Seva ya chini ya meza ni mambo ya enzi zile.

---

Zawadi_Hesabu #3

Nafuatilia. Mimi si mtu wa IT, ni mhasibu, lakini mishahara ikikwama ni mimi ninayepigiwa simu, si ninyi.

---

Fundi_Seva #4

> KijanaWaKlaudi amesema: Hamishia kila kitu kwenye klaudi

Kaka, nusu ya ulichosema nakubali kabisa. Klaudi inakutoa kwenye jengo, na kwa biashara ndogo iliyo pwani hiyo ni hatua kubwa kuliko jenereta lolote. Nusu nyingine ndiyo inayowatesa watu.

Chukua Puerto Rico baada ya kimbunga Maria, Septemba 2017. Zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu kisiwani ilikuwa imezima. Sasa wewe data yako imekaa salama bara, kituo cha data kinawaka taa zote, unafungua kompyuta uingie kwenye akaunti ya usimamizi, na mfumo unakuambia umekutumia namba ya uthibitisho kwa ujumbe wa simu. Simu gani? Biashara yako iko hai na wewe mwenyewe umefungiwa nje ya mlango.

Dawa yake ni ndogo na haina gharama kubwa. Wasimamizi wawe wawili, na mmoja aishi mahali ambapo kimbunga hichohicho hakiwezi kumfikia. Zile namba za dharura za kuingilia, ambazo kila mtu hubonyeza "nitazihifadhi baadaye", zichapishwe na zitunzwe nje ya ofisi. Ukiweza, tumia ufunguo wa kuchomeka kwenye kompyuta badala ya ujumbe wa simu, na uwe na wa pili wake.

Halafu kuna faili zinazojisawazisha zenyewe. Watu wanaona folda imeonekana kwenye kompyuta tatu wanadhani wana nakala tatu. Ukifuta moja, zote zimefutika. Faili likiharibika hapa, limeharibika kote. Nakala rudufu ni ile inayokaa peke yake, yenye tarehe yake, ambayo kosa la leo haliwezi kuifikia. Kanuni ya 3-2-1 bado inafaa: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, na moja iwe mbali. Kwa kimbunga, neno "mbali" lipimwe kwa ramani. Nakala iliyo kwenye tawi la pili upande wa pili wa mji si mbali, maji ni yaleyale.

La mwisho kwa sasa: hakikisha unajua data yako ya klaudi iko kanda gani. Wengine wamechagua kanda ya karibu kwa sababu ya kasi, na nakala rudufu wakaiacha kanda hiyohiyo.

---

Mzee_wa_Dizeli #5

Nikiona neno jenereta siwezi kupita kimya. Vijana kaeni chini.

Oktoba 29, 2012, kimbunga Sandy kilisukuma maji ya bahari mpaka ndani ya kusini mwa kisiwa cha Manhattan, New York. Kituo kimoja cha kugawa umeme cha Con Edison, kampuni ya umeme ya mji huo, kikalipuka, na sehemu kubwa ya upande ule wa kisiwa ikaingia giza. Pale 75 Broad Street kulikuwa na kituo cha data cha Peer 1. Jenereta lao liliwekwa juu, ghorofa ya 17, sehemu ambayo maji hayafiki. Akili nzuri. Ila tangi kubwa la mafuta na pampu za kuyapandisha vilikuwa chini kabisa, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi. Maji yakaingia huko. Jenereta halina hitilafu, dizeli ipo mjini, na hakuna kinachoipandisha.

Walichofanya kinajulikana. Wafanyakazi wa Peer 1 pamoja na wa kampuni zilizokuwa wateja wao, Squarespace na Fog Creek, wakabeba dizeli kwa ndoo kupitia ngazi, ghorofa kwa ghorofa, ili huduma zisizime. Wakati huohuo mitaa michache tu kutoka hapo, 33 Whitehall, maji yalikuwa yameiangusha Datagram, kampuni ya kuhifadhi tovuti, na tovuti za Gawker, BuzzFeed na Huffington Post zikapotea hewani. Hospitali ya NYU Langone nayo umeme wa akiba uliwaangusha, wagonjwa wakahamishwa usiku katikati ya dhoruba.

Watu hupenda kuisimulia ile ya ndoo kama ushujaa. Ushujaa upo, siwanyimi. Lakini mimi nikisikia habari hiyo nawaza mchoro wa jengo tu. Mtu alilipia kupandisha jenereta ghorofa 17, akaiacha pampu chini.

Sasa sikilizeni ya jenereta lenyewe. Kuliwasha dakika kumi kila wiki bila mzigo si kulijaribu. Injini ya dizeli ikifanya kazi na mzigo mdogo mno kwa muda mrefu inajaa masizi na mafuta yasiyoungua, na siku ukiipa mzigo wa kweli inakohoa. Lipe mzigo halisi, kata umeme wa gridi kweli, uone kama swichi ya kuhamisha inahama yenyewe na kama kiyoyozi cha chumba cha seva kiko kwenye laini ya jenereta. Hiyo ya kiyoyozi nimeikuta sehemu nyingi: seva zinawaka, hewa baridi haipo, baada ya muda mfupi zinajizima zenyewe kwa joto. Betri ya kuwashia ndiyo inayofelisha majenereta mara nyingi kuliko injini, ikaguliwe. Dizeli ikikaa inazeeka, inaingia maji, vinaota vijidudu, na vikianza kutikisika vinaziba chujio. Weka chujio za akiba.

Mafuta pigia hesabu kwa mzigo wako, lita kwa saa, si kwa maneno ya muuzaji. Na msidanganywe na mkataba wa "tutakuletea ndani ya saa chache". Siku hiyo kila mtu amempigia huyohuyo, hospitali zinatangulia, na barabara imefungwa na miti.

Na tafadhali, jenereta dogo lisiwashwe ndani wala karibu na dirisha. Moshi wake una gesi inayoua bila harufu, na baada ya vimbunga huwa unaondoka na watu ambao upepo uliwaacha salama.

---

KijanaWaKlaudi #6

Ghorofa 17 kwa ndoo. Duh. Naondoa maneno yangu nusu.

Ila Mzee, kuna upande wa pili. New Orleans 2005, wakati wa Katrina, DirectNIC, kampuni ya kusajili majina ya tovuti, ilibaki hewani katikati ya mji uliozama, vijana wao walikaa ndani ya jengo na jenereta na dizeli yao. Kwa hiyo inawezekana.

---

Mzee_wa_Dizeli #7

Inawezekana, ndiyo, kwa waliochagua wenyewe na waliokuwa wamejiandaa. Mpango wa biashara usiandikwe kwa kutegemea mtu akatae kuhama. Mamlaka ikisema ondokeni, seva inaachwa.

---

Zawadi_Hesabu #8

Wakuu, mnazungumza majengo ya ghorofa 17. Ofisi yetu ni ndogo. Seva moja, haina jenereta, ina ile UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika) inayolia lia, na intaneti ya kampuni moja. Sisi tufanye nini, na tuanze lini? Kwa sababu kila mara tunaambiwa "tusubiri tuone kinaelekea wapi".

---

Fundi_Seva #9

Dada Zawadi, hapo kwenye "tusubiri tuone" ndipo penye ugonjwa, nianze napo.

Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichopo Miami, hutoa taarifa kila baada ya saa 6 kimbunga kikiwa hai. Tahadhari ya awali ya kimbunga hutolewa saa 48 kabla ya upepo wa dhoruba kutarajiwa kufika, na onyo kamili saa 36 kabla. Zinasikika kama saa nyingi. Lakini saa hizohizo wafanyakazi wako wanapigilia mbao madirishani kwao, wanapanga foleni ya mafuta, wanahamisha wazazi. Ukianza kazi ya IT onyo likishatoka, unaifanya peke yako.

Ile picha ya koni kwenye ramani nayo inasomwa vibaya. Inaonyesha pale ambapo kitovu cha kimbunga huenda kikapita, na kwa takwimu za makosa yao ya nyuma kitovu hubaki ndani ya koni kama mara mbili katika kila tatu. Upana wa dhoruba yenyewe haumo. Unaweza kuwa nje ya koni kabisa na ukapata mvua na maji ya bahari ya kutosha kuizamisha ofisi.

Daraja nalo lisiwe kigezo chako. Kipimo cha Saffir-Simpson, 1 mpaka 5, kinapima kasi ya upepo tu, kuanzia kilomita 119 kwa saa hadi 252 na kuendelea. Hakipimi maji. Sandy ile ya Mzee ilipofika nchi kavu ilikuwa hata haihesabiwi tena kitaalamu kuwa kimbunga cha kitropiki. Na kuna Otis, Oktoba 2023: kwa takriban siku moja kilitoka kuwa dhoruba ya kawaida kikawa daraja la 5, kikaipiga Acapulco. Aliyekuwa anasubiri daraja lipande ndipo aanze, hakupata muda wa kuanza.

Kwa hiyo jiwekeeni kengele yenu wenyewe, na iandikwe. Mfano: eneo letu likitajwa kwenye utabiri wa siku tano, kazi inaanza. Mara nyingi mtakuwa mmejisumbua bure, na hiyo ndiyo bei yake.

Kazi zenyewe kwa ofisi kama yenu. Kwanza nakala kamili itoke nje ya eneo, na kabla hujaiamini irejeshe kwenye kompyuta nyingine kabisa, ufungue mfumo, utafute ankara ya juzi. Ujumbe wa kijani kwamba bakapu imekamilika unakuambia tu kwamba programu ilimaliza kunakili. Kisha zimeni kwa utaratibu: watumiaji watoke, programu zizimwe, databesi, halafu seva, na vifaa vya mtandao mwisho. Seva iliyozimwa vizuri na kuchomolewa ina nafasi kubwa ya kuwaka tena kuliko iliyokatikiwa umeme ikiwa inaandika. UPS yenu inayolia lia kazi yake ni hiyo tu, dakika za kuzima kwa heshima. Msiitegemee kufanyia kazi. Na kama betri zake zina miaka mingi, hata dakika hizo hamna.

Mkishazima, chomoeni ukutani, nyaya za umeme na za mtandao pia kwa sababu radi hupita kote. Pandisheni juu ya meza au ghorofa ya juu, mbali na madirisha, funikeni kwa plastiki. Pigeni picha kila kifaa na namba yake kwa ajili ya bima, na picha ya nyaya nyuma ya seva kabla ya kuchomoa. Mtanishukuru.

---

Nyaya_Tupu #10

Sawa mkuu, ila kwenye ukweli wa biashara: nani atakubali kuzima mfumo jua likiwa linawaka na wateja wananunua? Bosi atasema subiri kidogo. Na akisema hivyo mara tatu, upepo umefika.

---

Zawadi_Hesabu #11

> Nyaya_Tupu amesema: nani atakubali kuzima mfumo

Hapo ngoja nijibu mimi, kwa sababu hilo ni swali la hesabu zaidi kuliko la kompyuta.

Mkae na bosi mwezi ambao hakuna dhoruba, mumuulize mambo mawili kwa kila huduma. La kwanza, tukae bila huduma hii muda gani kabla biashara haijaumia kweli? La pili, tukipoteza kazi za muda gani nyuma tunaweza kuziandika upya kwa mkono? Kwa mfano mapokezi ya oda mtandaoni hayavumilii hata saa chache. Mishahara inavumilia siku, ila si siku ya mshahara. Kumbukumbu za miaka ya nyuma zinaweza kusubiri wiki. Majibu hayo yakiwa na saini yake, siku ya kimbunga hamgombani. Mnasoma karatasi. Na karatasi hiyo imtaje mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "zima", na wa pili endapo wa kwanza hapatikani kwenye simu.

Upande wetu wa fedha nawaongezea ambayo hamkuyataja, maana ninyi mnaangalia seva tu. Mishahara iliyo karibu ilipwe mapema, watu wanahitaji pesa kabla ya kuhama na mashine za benki zitakauka. Kile kidude cha kuidhinishia malipo ya benki kisiachwe kwenye droo ya ofisi. Chapisheni orodha ya wadaiwa, wadai, namba za wafanyakazi na za watu wao wa karibu. Wekeni kitabu cha risiti za mkono, mtauza vipi umeme usipokuwepo? Na someni bima. Bima nyingi za kawaida za mali hazilipi mafuriko, na ile ya kufidia mapato yaliyopotea mara nyingi ina saa za kusubiri kabla haijaanza kuhesabu. Na ukishaona kimbunga kwenye ramani ndipo ukimbilie kununua bima, umechelewa, hawakuuzii.

---

Nyaya_Tupu #12

Dada umemaliza. Hiyo ya watu wawili wenye mamlaka naichukua.

---

Dada_Mtandao #13

Nimesoma kimya mpaka hapa. Niongezee kwenye mawasiliano, eneo langu.

Ofisi nyingi zinajisifu zina intaneti mbili za kampuni mbili. Ulizeni nyaya zinapita wapi. Mara nyingi kampuni zote mbili zimepitisha mkongo kwenye mtaro uleule au nguzo zilezile, wakati mwingine moja inakodi kwa mwenzake. Mti mmoja ukianguka zote zimekwenda. Njia ya pili ya kweli ni ile yenye asili tofauti: setilaiti, au simu ya mkononi kama minara itabaki. Na dishi la setilaiti lishushwe kabla ya upepo, lirudishwe baadaye, si la kuliacha juu ya paa.

Simu za ofisi: panga mapema namba kuu ielekezwe kwenye simu za watu walio nje ya eneo, na ujaribu kuielekeza ukiwa nyumbani. Mitambo mingine ya simu inakubali kubadilishwa ukiwa ndani ya jengo tu, na siku hiyo jengo halifikiki.

Kama mna tovuti mtakayoihamishia seva nyingine, rekodi za DNS (zile zinazoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake) zina muda ambao kompyuta za dunia nzima huzikumbuka kabla ya kuuliza tena. Ukiwa umewekwa siku nzima, utahamisha tovuti na wateja wataendelea kupelekwa kwenye seva iliyozama. Upunguzeni uwe dakika tano, lakini fanyeni hivyo siku moja au mbili kabla, maana muda wa zamani lazima uishe kwanza. Wengi wanalikumbuka hili dakika ya kuhamisha, na wakati huo halisaidii.

Na ukurasa wa kuwaambia wateja hali ikoje usikae kwenye seva ileile ambayo wanataka kujua hali yake. Naona mnacheka, lakini upo.

---

KijanaWaKlaudi #14

Swali la kijinga kidogo. Maji yakiingia, seva imezama. Hard disk ndiyo basi?

---

Fundi_Seva #15

Si basi, ila watu huimaliza wenyewe. Usiiwashe "kuangalia kama bado inafanya kazi". Usiianike juani, usiipulizie mashine ya kukaushia nywele, usiifungue. Maji ya mafuriko yana tope na chumvi, na yakikaukia ndani uchafu unaganda juu ya zile sahani za ndani zinazobeba data. Iweke kwenye mfuko uliofungwa vizuri ikiwa na unyevu wake, uipeleke kwa wataalamu wa kuokoa data. Bei yao haichekeshi, ndiyo maana nakala ya mbali ni nafuu.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kurudi, hapa nataka nikae kidogo, sababu mipango mingi inaishia pale upepo unapotulia.

Usikimbilie kuwasha. Jengo lililoingia maji likaguliwe na fundi umeme kwanza. Umeme wa gridi unaporudi huja na kuondoka, na hujaa na kupungua, kwa hiyo subiri utulie ndipo uchomeke vifaa. Kuwasha ni kinyume cha kuzima: mtandao, hifadhi, seva za utambulisho wa watumiaji, databesi, halafu programu. Wafanyakazi waingie mwisho, baada ya mtu mmoja kuhakiki kwamba rekodi za mwisho zipo.

Lakini mtego mkubwa zaidi uko kwa wale waliohamia mfumo wa akiba. Tuseme kimbunga kimewapeleka kwenye seva ya klaudi, mmefanya kazi huko siku kadhaa, oda mpya zimeingia. Umeme unarudi ofisini, mtu mwenye nia njema anaiwasha seva ya zamani. Baadhi ya kompyuta zinaiona, zinaanza kuandika humo. Sasa mna vitabu viwili vya ukweli, kila kimoja kina oda ambazo kingine hakina, na namba za ankara zinagongana. Kimbunga hakikuharibu chochote, ninyi wenyewe mmeharibu. Kuvichanganya upya ni kazi ya mikono, ankara moja moja, na Zawadi ndiye atakayelia.

Kwa hiyo seva ya zamani iwashwe ikiwa imechomolewa kwenye mtandao. Data ya siku za dhoruba iletwe kutoka mfumo wa akiba, ihakikiwe, mfumo wa akiba usimamishwe usipokee kitu kipya, kisha ndipo mrudi. Siku ya kurudi ichaguliwe, iwe saa ambayo wateja ni wachache. Wala hakuna sharti la kurudi haraka. Kama kule mnafanya kazi vizuri, kaeni.

---

Dada_Mtandao #16

Na matapeli. Baada ya dhoruba barua pepe za uongo huongezeka: msaada wa serikali, bima, "fundi wa mtandao tunahitaji nywila yako". Watu wamechoka, wanabonyeza. Kubalianeni mapema kwamba akaunti ya benki ya muuzaji yeyote haibadilishwi wakati wa dharura bila kupigiwa simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani.

---

Mzee_wa_Dizeli #17

Hilo la akaunti ya benki lichapishwe libandikwe ukutani. Mimi swali langu kwa Zawadi: mmejaribu kurejesha ile bakapu kama Fundi alivyosema, au mmeisoma tu hapa?

---

Zawadi_Hesabu #18

Tumejaribu, Mzee wangu. Kijana wetu wa IT alichukua nakala ya klaudi akairejesha kwenye kompyuta ndogo nyumbani kwake. Data yote imerudi, ankara ya juzi ipo. Mfumo wa mahesabu ukakataa kufunguka. Kumbe leseni imefungwa kwenye kile kidude kilichochomekwa nyuma ya seva ya ofisi, bila hicho haufunguki.

---

Fundi_Seva #19

Waandikie wauzaji wa mfumo leo, omba leseni ya pili ya dharura au njia ya kuiwasha leseni kwenye mashine nyingine, na jibu lao lipatikane kwa maandishi. Waulize pia ofisi yao ya msaada iko wapi. Kama wako pwani ileile na ninyi, omba leseni hiyo ikae kwenu kabisa, isiwe ya kuombwa siku hiyo. Wakikataa, kile kidude ndicho kitu cha kwanza kutoka ofisini kengele yenu ikilia, na jina la atakayekibeba liandikwe kwenye karatasi ileile yenye saini ya bosi.